Wapagazi wa Vizibo: shajara ya mradi wetu wa Tabora

Jumamosi, 6 Julai

Tumeanza. Klabu ya sayansi imekutana chini ya mwembe nyuma ya maabara: wanafunzi kumi na wanne, mimi, na ndoo mbili za vizibo vya soda. Tunataka ifikapo siku ya wazazi, 31 Agosti, tuwe na kielelezo kinachoonyesha jinsi mizigo inavyobebwa ndani ya seli ya binadamu, na maradhi yanayompata mtu ubebaji huo ukivurugika. Bajeti ni shilingi 45,000. Elfu thelathini ni zangu, elfu kumi na tano ni ahadi.

Niandike na sababu isiyo ya kishule, nisije nikajidanganya baadaye. Mtoto wa dada yangu, miaka kumi na moja, alirudi kutoka Mwanza mwezi wa tano. Alikwenda na uvimbe wa taya, ile saratani inayoitwa limfoma ya Burkitt. Uvimbe umekwisha, anakula muhogo wa kuchoma kama zamani. Lakini akitembea nyayo zinapiga sakafu pwa, pwa, kama mtu aliyevaa ndala za baba yake, na asubuhi anasema vidole vya miguu vimekufa ganzi. Dada aliambiwa ni dawa moja ya dripu, vinkristini, na kwamba hali itapungua taratibu. Hakuridhika. Akaja kwangu: "Wewe si mwalimu wa baiolojia? Dawa ya taya na vidole vya miguu wapi na wapi?"

Nilimpa jibu la kukwepa. Nilisema "ni madhara ya dawa," ambayo si jibu, ni kurudia swali kwa sauti ya upole.

Jumatano, 10 Julai

Kipindi kizima kimeliwa na jina. Protini zinazobeba mizigo ndani ya seli, vitabu huziita protini mota. Nilipoliandika ubaoni, nusu ya darasa ikaona mota ya pampu ya maji, kitu kinachozunguka na kuunguruma. Mmoja akauliza umeme wake unatoka wapi. Swali zuri, nimeliweka akiba.

Nikahamia kwenye treni. Sisi ni watu wa Tabora, reli imefika hapa tangu 1912, na mpaka leo njia ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana hapa hapa. Treni nilidhani imemaliza mambo. Jioni nikapita kwa mzee jirani, mstaafu wa reli, nikamwamkia na kumsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mwanangu, treni ina kichwa kimoja. Kichwa kikifa, mabehewa yote yamelala. Babu yangu alikuwa mpagazi, alikwenda Bagamoyo na kurudi. Mpagazi akiugua njiani, wenzake wanagawana mzigo. Msafara unakwenda, ila unachelewa. Hao wa kwako ni wa namna gani?"

Nikafikiri kidogo. Mzigo mmoja ndani ya neva, yaani mshipa wa fahamu, hubebwa na protini kadhaa kwa pamoja, na mara nyingi mtu mwenye hitilafu hafi siku ya kwanza. Anachelewa. Anaanza kujikwaa akiwa na miaka ishirini, au arobaini.

"Ni wa namna ya pili, baba."

"Basi waite wapagazi. Treni utuachie wenyewe."

Kwa hiyo protini pagazi. Majina yao matatu makubwa tumeyaandika kwa matamshi yetu: kinesini, dainini na mayosini.

Jumamosi, 13 Julai

Njia. Kabla ya mpagazi kuwe na njia, na humu ndani njia ni mirija membamba iitwayo mikrotubuli. Unene wake ni nanomita 25. Milimita moja ina nanomita milioni moja, kwa hiyo tuache kutafuta kwa macho. Imejengwa kwa matofali ya protini ya tubulini, na kila tofali ni pacha wawili walioshikana. Tumechukua kizibo chekundu na cheupe kuwa pacha mmoja, tukavitoboa kwa msumari, tukavifunga kwa waya mistari kumi na mitatu kuzunguka bomba la plastiki. Kumi na tatu si namba ya mapambo. Mikrotubuli nyingi za seli zetu zina mistari kumi na mitatu kweli. Tumetumia vizibo 624 kufikia urefu wa mita moja na robo, na vidole vya watu watatu vimetoboka.

Jambo ambalo nisingelielewa vizuri bila kufunga waya kwa mikono yangu: njia hii ina upande. Pacha wote wanatazama upande mmoja, mwekundu nyuma, mweupe mbele. Ukigeuza mmoja, mstari wote unakataa kukaa. Ndani ya mkono mrefu wa seli ya neva, ule uitwao aksoni, mikrotubuli zote zimeelekezwa sawa: mbele ni kule mwisho, kwenye ngozi au msuli, nyuma ni kwenye kiini cha seli. Mpagazi hahitaji ramani. Anaisoma njia kwa nyayo.

Pia njia yenyewe haijatulia. Ncha yake hujengwa na kubomoka muda wote. Hilo hatukuweza kulionyesha, tumeliandika kwenye karatasi tu. Wataalamu watusamehe.

Jumamosi, 20 Julai

Siku mbaya na nzuri.

Mpagazi wa kwanza ni kinesini. Mwili ni waya wa shaba uliosokotwa, miguu miwili imechongwa kwa soli ya ndala kuukuu, na chini ya kila mguu kuna kipande cha sumaku kutoka spika za redio mbovu. Vizibo ni chuma, sumaku inanasa. Wazo la sumaku lilitoka kwa binti wa kidato cha pili ambaye kaka yake anatengeneza redio sokoni.

Tulipoanza kumtembeza, akawa anaanguka kila hatua ya tatu. Tulibishana karibu saa nzima mpaka mvulana mmoja akasema, "Madam, tunainua miguu yote." Kweli. Tulikuwa tunamrusha kama chura. Kinesini halisi haachii mguu wa mbele mpaka wa nyuma umeshazunguka na kukanyaga mbele yake. Mguu mmoja uko njiani saa zote. Tulipofuata sheria hiyo akatembea mita nzima bila kudondoka, na watoto wakapiga makofi kana kwamba Simba na Yanga wamefungana.

Kila hatua ni nanomita 8, yaani pacha mmoja wa tubulini. Kila hatua inagharimu molekuli moja ya ATP, ile nishati inayotokana na chakula. Ndilo jibu la umeme. Tumeliandika: *Umeme wake ni ugali.*

Mtu anayeuliza nani alimwona kwanza: mwaka 1985, Ronald Vale na wenzake, wakifanya kazi na neva nene za ngisi huko Woods Hole, Marekani. Ngisi ana aksoni inayoweza kufikia milimita moja kwa unene, unaweza kuikamua kama dawa ya meno. Hapa Tabora ngisi hatumwoni labda kwenye picha, lakini deni lake tunalo.

Jumatatu, 22 Julai

Usiku sumaku kubwa kuliko zote imemnasa mpagazi wa pili njiani na hatoki. Tumevuta, waya umekatika.

Nilikasirika, halafu nikaona ni somo la bure. Mayosini, mpagazi wa misuli, hushika uzi wa protini uitwao aktini, akavuta, na ili *aachie* anahitaji ATP. ATP ikiisha anabaki ameshika. Ndiyo maana maiti hukakamaa saa chache baada ya kufa: mabilioni ya mikono yameshika kamba na hakuna wa kuwaambia waachie. Baada ya siku moja au mbili protini zenyewe zinaanza kuharibika na mwili unalegea. Kila mtu aliyewahi kuosha maiti anajua hilo kwa mikono. Wenzangu wa ofisi ya walimu wakasema hiyo si mada ya siku ya wazazi. Sijui, kwangu naona wazazi ndio wanaoijua kuliko watoto.

Kuhusu moyo nimeandika aya moja tu. Kuna watu waliozaliwa na kosa dogo kwenye mayosini ya moyo. Jeni (agizo la urithi la kutengeneza protini) ya kwanza ya ugonjwa huo, iitwayo MYH7, ilitambuliwa 1990. Mikono mingi mno inashika kwa wakati mmoja, moyo unakamua kwa nguvu kupita kiasi na kushindwa kulegea, kuta zake zinanenepa. Baadhi ndio wale vijana wanaoanguka uwanjani wakati wa mechi na watu wakasema karogwa. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayomwambia mayosini wa moyo apunguze kushika, mavakamteni. Miaka 32 kutoka kuijua jeni hadi kuipata dawa.

Jumamosi, 27 Julai

Hesabu. Leo nimeazima mwalimu wa hisabati, na ametufaa.

Seli ya neva inayofikisha amri kwenye kidole gumba cha mguu ina kiini chake kiunoni, kwenye uti wa mgongo. Kwa mtu mzima ni kama mita moja. Karibu protini zote za kule mwisho hutengenezwa huku juu, lazima zisafirishwe. Kwa nini zisisambae zenyewe, kama sukari kwenye chai? Mwalimu wa hisabati akapiga mahesabu ya kusambaa kwenyewe kwa protini kwenye mita moja, akapata zaidi ya miaka elfu moja. Darasa likanyamaza. "Chai isiyokorogwa," akasema mmoja.

Sasa kwa miguu. Mita moja kwa hatua za nanomita 8 ni hatua milioni 125. Mpe kila hatua urefu wa hatua ya mtu, sentimeta 75, utapata kilometa 93,750. Reli ya Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilometa 840. Kwa hiyo mzigo unaokwenda kidoleni ni sawa na mtu aliyetembea Dar na Tabora zaidi ya mara mia moja na kumi. Hakuna kinesini mmoja anayeweza. Kwa kawaida hupiga kama hatua mia moja akadondoka, mwingine akashika. Mzee wa reli hakukosea hata kidogo.

Mizigo ya haraka hufika milimita 400 kwa siku, yaani siku mbili na nusu kutoka kiunoni hadi kidoleni. Mizigo ya polepole, ambayo ni pamoja na vifaa vya kujengea njia yenyewe, huenda milimita moja hivi kwa siku au chache zaidi. Kwa milimita moja, mita ni karibu miaka mitatu. Zamani walidhani hao wa polepole wana wapagazi wengine wavivu. Kumbe ni wale wale wa haraka, ila wanapumzika sana njiani. Nilipomweleza mzee, akasema hata misafara ilikuwa hivyo: frasila mbili kichwani zinatembea sawa, tofauti ni kambi.

Nimeiandika hii kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, maana magonjwa mengi yanafuata kutoka hapa: NJIA NDEFU HUUMIA KWANZA. Jeni ya kinesini iitwayo KIF5A ikiwa na kosa, miguu hukaza na kuwa mizito kabla ya mikono. Jeni ya dainini, DYNC1H1, ikiharibika, kuna watoto wanaozaliwa na udhaifu wa mapaja wakati mikono yao iko sawa. Wamepewa majina tofauti na madaktari tofauti, lakini ukitazama kwa jicho la msafara ni familia moja.

Jumamosi, 3 Agosti

Leo nimejibu swali la dada, na nimelijibu kwa dawa ya minyoo.

Kila mtoto wa shule hapa amemeza albendazo. Wachache wanajua inafanya nini. Inashika tubulini ya mnyoo na kumzuia kujenga njia zake. Mnyoo anashindwa kufyonza sukari, anakufa njaa akiwa amekaa juu ya chakula chako. Tubulini yetu inafanana na yake lakini si sawa, na dawa inaishika ya kwake kwa nguvu zaidi, ndiyo maana wewe unakwenda kucheza mpira. Griseofulvini, vidonge vya mapunye, inavuruga mikrotubuli za fangasi kwa mtindo huo huo. Kolkisini anayopewa mwenye jongo nayo inashika tubulini, safari hii ya mtu mwenyewe, ili askari wa damu wasikimbilie kwenye kiungo kinachouma.

Halafu vinkristini. Chimbuko lake ni yale maua ya rangi ya waridi yenye jicho katikati, asili yake Madagaska, yanayopandwa mbele ya nyumba nyingi bila mtu kuyajali. (Asichemshe mtu. Ni sumu, na kipimo cha hospitali hakipatikani kwenye sufuria.) Seli ya saratani ikitaka kugawanyika hutandaza mikrotubuli kama kamba za kuvutia kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, huku na huku. Vinkristini inaishika tubulini, kamba hazitandiki, seli inakwama katikati na kufa. Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazogawanyika haraka kuliko zote, kwa hiyo ndio unaopigwa kwanza. Daktari Denis Burkitt aliueleza uvimbe huu kwa mara ya kwanza mwaka 1958, akiwa Uganda.

Seli za neva hazigawanyiki. Lakini zina njia zile zile za tubulini, na ndefu. Dawa iliyokwenda kubomoa kamba za saratani inabomoa na barabara za neva. Wapagazi ni wazima, mizigo ipo, njia ndiyo imekatika. Na njia ndefu huumia kwanza: vidole vya miguu, halafu nyayo, baadaye ndiyo vidole vya mikono.

Dada alisimama mbele ya bomba la vizibo kwa muda. Akachomoa vizibo vinne vya katikati kwa kucha, akamtembeza mpagazi hadi kwenye pengo, akamwacha pale.

"Kwa hiyo hawakukosea dawa," akasema.

"Hawakukosea."

Alikuwa ameibeba hiyo tangu mwezi wa tano na mimi sikujua. Nilidhani anauliza baiolojia.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna kilichofanyika. Wanaklabu wote wako viwanja vya maonyesho wanakula miwa. Elfu kumi na tano ya ahadi haijatoka.

Jumamosi, 10 Agosti

Dainini, mpagazi wa kurudi. Kinesini wengi wanakwenda mbele, kuelekea mwisho. Dainini anarudi kwenye kiini na taka za kuchakatwa na habari za huko. Ni mkubwa zaidi, mwenye mwendo wa ovyo: hatua ndefu, fupi, mara pembeni, mara anarudi nyuma. Tumemtengeneza kwa waya wa baiskeli na kila mtu anasema ni mbaya. Ndivyo alivyo. Ian Gibbons alimpata kwanza miaka ya 1960 kwenye vinyweleo vya kiumbe wa majini wa seli moja. Ana wasaidizi, na mmoja wao, LIS1, watoto wamemwita kirangozi, jina la kiongozi wa msafara tulilopewa na mzee. Mtoto anayezaliwa na upungufu wa LIS1 ubongo wake unabaki laini bila mikunjo, maana seli changa zilishindwa kusafiri hadi mahali pake.

Lakini leo yote imemezwa na mbwa. Wiki hii mbwa asiyejulikana kamuuma mtoto mtaa wa Ng'ambo, na watoto hawakutaka kusikia jingine. Basi tukaifuata.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kinaingia kwenye jeraha, kinapenya ncha ya neva, na hapo kinafanya ujanja: kinajipakia kwenye safari ya kurudi. Dainini hajui amebeba nini. Kinapanda, sentimeta kadhaa kwa siku, hadi uti wa mgongo na ubongo. Ndiyo sababu mara nyingi mtu anaumwa na mbwa leo na dalili zinakuja baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na ndiyo sababu jeraha la usoni ni la hatari zaidi kuliko la mguuni: njia ni fupi. Huo muda wa katikati ndio wa kuokoa mtu. Kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali kwa chanjo siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mtoto wa Ng'ambo amepelekwa, amechomwa sindano ya kwanza. Nimeuliza mwenyewe.

Pepopunda ni mwizi wa njia hiyo hiyo, ila mdudu mwenyewe habanduki jerahani. Sumu yake ndiyo inayopanda, inafika uti wa mgongo na kuzima neva zile zinazoiambia misuli ilegee. Taya hukaza mapema kwa kuwa neva zake ni fupi. Jina letu linasema pepo, na aliyewahi kuona mtu amejikunja kama upinde hawezi kulaumu waliolitunga.

Mkanda wa jeshi nao. Kirusi cha tetekuwanga kikishakuuguza utotoni hurudi kwa neva na kujificha kwenye mafundo yake karibu na uti wa mgongo miaka mingi, halafu kinga ikishuka kinashuka tena kwa njia ile ile hadi kwenye ngozi. Huyu ana tiketi ya kwenda na kurudi. Vimelea vya malaria hawaombi lifti: wana mayosini yao wenyewe, wanateleza nayo kutoka ngozini hadi kwenye mshipa wa damu. Hapa watoto wakaanza kuonyesha heshima fulani kwa malaria ambayo sikuitarajia.

Jumamosi, 17 Agosti

Mchora picha wetu kachora mwili mzima wa mtu kwenye shuka kuukuu, kazi nzuri ya siku mbili, na moyo kauweka kulia. Alijichora kwenye kioo. Wengine wakamcheka, na mimi nikasema shuka libaki kama lilivyo.

Kuna watu waliozaliwa hivyo kweli, moyo kulia, ini kushoto. Baadhi yao wana kikohozi kisichoisha na mafua ya kudumu, na wanaume wengi kati yao hawapati watoto. Manes Kartagener, daktari wa Uswisi, aliandika juu ya mkusanyiko huo mwaka 1933 na kwa miaka arobaini hakuna aliyejua moyo na kikohozi vimekutana wapi. Mwaka 1976 Björn Afzelius huko Stockholm akaonyesha: ni dainini. Yule yule mbaya wa waya wa baiskeli hukaa pia ndani ya vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kwenye njia ya hewa, na ndani ya mkia wa mbegu ya kiume. Akikosekana, hakuna kufagia wala kuogelea.

Na moyo? Mimba ikiwa changa sana, kuna shimo dogo lenye vinyweleo vinavyozunguka na kusukuma maji kuelekea kushoto. Mwili unajua kushoto kwa mkondo huo. Mkondo usipokuwepo, mwili unakisia, na kwa hiyo karibu nusu ya wenye tatizo hili moyo wao uko mahali pa kawaida na nusu uko upande wa pili. Shilingi imerushwa.

Mchoraji sasa anatembea kifua mbele.

Jumamosi, 24 Agosti

Kupunguza. Tuna karatasi za manila ishirini na mbili, ukuta unapokea kumi na mbili. Mwenzangu anayefundisha kemia anataka majina yote ya jeni yatolewe, anasema mzazi atasoma KIF5A akaenda zake. Nimeyaacha mawili. Mtu akiambiwa hospitali kubwa mtoto wake ana kosa kwenye jeni fulani, walau awe amewahi kuona kitu cha namna hiyo kimeandikwa.

Kijiji cha Bengkala, kisiwani Bali, Indonesia, kimebaki kwa kura za wanafunzi. Huko viziwi ni wengi kuliko kawaida kwa vizazi kadhaa, na mwaka 1998 sababu ilijulikana: jeni ya mayosini mmoja wa sikio la ndani, MYO15A. Kilichowavutia watoto ni kwamba wanakijiji wengi wanaosikia nao wanajua lugha ya alama ya kijiji. Ugonjwa wa akili wa uzeeni nimeutoa wote. Aya niliyoandika ilikuwa na neno "huenda" mara sita.

Elfu kumi na tano imefika. Tumenunua gundi.

Jumapili, 1 Septemba

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Njia ya vizibo ilianguka mara mbili, ya kwanza mbele ya mgeni rasmi. Watu walijaa kwenye meza ya kichaa cha mbwa, na mama mmoja akaondoka kabla ya hotuba kwenda kumtafuta mwanawe aliyeumwa wiki iliyopita na hakusema. Mzee wa reli alikuja na kofia yake ya kazi, akamtembeza kinesini polepole kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuinua miguu yote, bila kuelekezwa na mtu.

Mtoto wa dada alipewa kusimamia pengo, pale mama yake alipochomoa vizibo vinne. Kila aliyefika alielezwa, na mwishoni alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi, pamoja na nyayo zake kama kielelezo: anapiga hatua tatu, pwa, pwa, pwa, halafu anaonyesha pengo.

Jioni tukikunja shuka akachukua futi ya kupimia, akaketi, akapima mguu wake kuanzia gotini.

"Sentimeta thelathini na nane, mama mdogo. Milimita moja kwa siku ni siku mia tatu na themanini?"

Nikamwambia kasi hiyo hukadiriwa kwa neva iliyokatwa ikiota upya, yake haikukatwa. Dawa imesimama, njia zinajengwa tena kutoka juu. Iliyonyauka ni ile ya mwisho, na sidhani ilinyauka hadi gotini.

"Hadi wapi?"

"Ganzi inaishia wapi?"

Akafumba macho, akapitisha kidole taratibu kwenye mguu kutoka chini kwenda juu, akasimama juu kidogo ya kifundo. Akaweka alama kwa kalamu, akaanza kupima upya kuanzia hapo.